Pigo la Aliye Mbali

Tku. Kimya. Tku. Kimya.

Ni mchi wa Nuru uliokuwa ukigonga kinu gizani nyuma ya nyumba, maana taa ya jua ilikuwa imezimika kabla sombe, majani ya muhogo, haijalainika. Mjini Kasongo hakuna asiyeujua mtwango wa namna hiyo. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja hupokezana, huyu akiinua, yule anashusha. Lakini mwanamke ambaye mumewe amekwenda machimboni hutwanga peke yake, na baada ya kila pigo lake huacha nafasi ya pigo moja. Ile nafasi ni ya aliye mbali. Haipigwi na mwingine. Hata mtoto akiichezea anachapwa mkono, kwani ukiijaza umemfungia msafiri njia.

Ibrahim, mume wa Nuru, alikuwa Salamabila tangu mvua za kwanza, akichimba dhahabu. Kila jioni Nuru alimwachia nafasi yake, na binti yao Aicha, aliyeng'oka meno ya mbele, alikaa kando akiokota majani yaliyoruka.

Jioni hiyo simu ilisimamishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ikirekodi. Ilikuwa simu ya kisomo cha jioni. Mwalimu Marcellin aliwagawia wanawake simu zenye programu ya akili bandia, inayosaidia watu kutunga wimbo mmoja wakiwa mbalimbali: Nuru anatia mtwango Kasongo, mwingine anatia sauti Nyangwe, mwingine anaitikia Lusangi, mashine inashona. Wanawake waliiita Mwenzetu. Ilikuwa na adabu. Haikuchoka wala haikumcheka mtu. Nuru alijifunza kuandika akiwa na mimba ya Aicha, na alipoipa mstari uliochechemea, Mwenzetu ilimwuliza anataka kusema nini hasa, kisha ikangoja. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Haukupita muda akawa na beti tatu, zote zake.

Alipomaliza kutwanga, Mwenzetu iliandika: *Kuna nafasi tupu baada ya kila pigo. Nizijaze?*

Kisomoni walifundishwa kwamba swali lisiachwe bila jibu. Nuru alikuwa na moshi machoni na mtoto mwenye usingizi mapajani. Akabonyeza ndiyo.

Mama mkwe wake, Bi Mwamini, alikuwa mlangoni akipapasa mawe kwenye mchele.

"Umefanya je?"

"Imejaza nafasi, mama."

"Nafasi ya Ibrahimu?"

"Ndiyo, mama."

"Masomo yenu hayo! Haya, cheza, tusikie umeharibu nini."

Nuru akaucheza wimbo. Tku, mchi ukashuka. Na pale penye nafasi, badala ya ngoma ya mashine, sururu iligonga jiwe. Tku, mchi. Kha, sururu. Halafu mtu akakohoa, na sauti ya Ibrahim ikasema, neno moja moja, kwa sababu nafasi zilikuwa fupi:

"Nuru, minasikia unatwanga. Ile kinu njo ya kwetu, inalia upande wa ufa."

"Yambo, Ibrahimu," alisema Bi Mwamini.

"Yambo, mama. Magoti iko je?"

"Iko palepale. Weye uko wapi?"

"Mu shimo. Mulango ulianguka. Tuko wengi, hata wale wa Lusangi wako hapa. Mutume watu na majembe."

Wimbo ukafika mwisho, sauti ikakatika. Wakauanza upya.

Kooperative, ushirika wa wachimbaji, ilikuwa imeshatangaza katika ripoti yake kwamba mdomo wa shimo lile ulianguka siku ambayo ndani hamkuwa na mtu. Asubuhi, huko Lusangi, mwanamke alifungua wimbo uleule akamkuta mumewe kwenye ubeti wa pili. Huko Nyangwe, mama mmoja aliwapata wanawe wawili wakigombana nani amemwaga maji. Aliwagombeza wote wawili, wakaomba radhi.

Nuru alimwendea shehe kuuliza kama akae eda. Shehe alisikiliza, akaitikia salamu ya Ibrahim, akasema mwanamke anayesalimiwa na mumewe hakai eda.

Ndipo wakaenda biro, ofisi ya kooperative, karibu na soko: Nuru akimshika Aicha mkono, Bi Mwamini, na Mwalimu Marcellin katika shati lake la Jumapili. Prezida wa kooperative, Bwana Kitenge, aliwapa viti. Akaweka simu sikioni, uso ukamchangamka.

"Ni Ibrahimu kabisa! Yambo, Ibrahimu!"

"Yambo, prezida."

"Munavumilia?"

"Tunavumilia. Hewa njo kidogo."

"Pole sana." Akairudisha simu kwa mikono miwili. "Mama, siwezi kukudanganya, ni sauti yake. Lakini rapore ilishatoka, imeandika shimo lilikuwa tupu. Mashini ya kuchimbua inatoka kwenda kuokoa watu. Mu shimo tupu itaokoa nani?"

"Si umewasalimia?" Nuru alisema.

"Nimewasalimia," prezida alikubali. "Salamu hainyimwi mutu."

"Prezida," alisema Bi Mwamini, "hata kuku akianguka mu choo, mwenyewe anatafuta fito."

"Njo vile, mama. Njo vile kabisa."

Akawasindikiza mpaka mlangoni. Huko Kabambare, kwenye ofisi ya Leta, yaani serikali, walisikiliza wimbo wote wamesimama, wakaomba urudiwe, kisha wakasema mambo ya shimo ni ya kooperative.

Nuru akaiandikia Mwenzetu: *Tusaidie watolewe.* Mwenzetu ikamwuliza anataka kusema nini hasa, ikangoja. Yeye Kasongo, wale wengine Nyangwe na Lusangi, wakatunga ubeti wa nne, wa kuomba majembe. Mwenzetu ilipendekeza neno hapa, ikanyoosha mstari pale, na mara mbili walilikataa neno lake, likaondoka bila kununa. Ubeti ule ulizidi yote kwa uzuri. Redio iliupiga. Bwana Kitenge aliuweka kwenye simu yake, na watu walimwona sokoni akifuta macho.

Majembe hayakuja. Nuru akaiambia Mwenzetu hivyo. Ikajibu kwamba inasikitika, kwamba haina mikono, na kwamba akitaka wanaweza kuurefusha ubeti.

Baadaye watu wa proje, mradi ulioleta zile simu, katika mji wa mbali, wakaupenda wimbo, wakataka usikike kwingi. Huko mtu ambaye hajawahi kushika mchi aliulizwa na mashine: *Nimesikia kelele nyuma ya wimbo. Niziondoe?* Akabonyeza ndiyo, kama Nuru alivyobonyeza ndiyo. Wimbo ulikuwa mmoja kwa wote, na ukibadilika kwa mmoja umebadilika kwa wote. Ukarudi safi. Baada ya kila pigo palikuwa na ngoma ndogo, tamu. Mwalimu Marcellin alitafuta ule wa kwanza mpaka moto wa betri ya simu ukaisha, asiupate.

"Sasa wamefanya je?" aliuliza Bi Mwamini.

"Wamefagia, mama."

Bi Mwamini akarudi kwenye mchele wake.

Jua lilipozama Nuru alikiinamia kinu bila simu. Tku. Akaacha nafasi. Aicha, meno mapya yakianza kuchungulia, alilaza sikio ubavuni mwa kinu, pale penye ufa.

"Usijaze," Nuru alimwonya.

Mtoto akatikisa kichwa. Barabarani pikipiki ya kwenda Salamabila ilipita na redio yake, na ubeti wa nne ukapita nayo, ngoma na vyote, ukafifia upande wa mto. Tku. Nuru alisikiliza, hakusikia kitu. Alimtazama mama mkwe wake, naye akatikisa kichwa. Tku. Akaacha nafasi, ndefu kuliko desturi.

"Baba anauliza kama tumekula," alisema Aicha.