Macho ya Samaki wa Soy

Mteja alimwinua samaki mmoja aina ya bass kutoka kwenye gunia lililoloweshwa, akafunua mashavu yake, akamtazama jichoni, kisha akamrudisha mezani taratibu.

"Mama, hii macho imeharibika. Iko na duara ya buluu."

"Hiyo si kuharibika," akajibu Virginia. "Hiyo ni macho ya Mama Jepkemboi wa kwetu Soy."

"Basi toa kichwa, nitachukua."

Virginia akatoa kichwa. Sokoni Eldoret samaki hununuliwa kwa jicho: likiwa safi na limetuna, ni wa leo, likififia au kuwa jekundu, ni wa juzi, na muuzaji atafute wajinga wengine. Shida ni kwamba bass wa bwawa la Soy hawakufanana macho. Huyu alikuwa na ya rangi ya asali, yule meusi tititi, mwingine ya manjano kama ya mtu aliyezeeka kwenye moshi. Kwa mwaka mzima Virginia alikuwa akikata vichwa palepale bwawani kabla ya kuja mjini, akisahau kimoja kimoja siku akiwa na haraka. Biashara ilienda vizuri. Mbwa wa Soy walinenepa.

Kisha tajiri mmoja akazungushia bwawa ua wa nyaya. Alikuwa na hati. Hati ilisema pale palikuwa pori tupu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuteka maji. Mwenye pingamizi alitakiwa kufika Alhamisi mbele ya kamati mjini, na ushahidi mkononi.

Watu wa Soy hawakuwa na karatasi hata moja. Nani huomba risiti ya kuteka maji? Wangelikosa bwawa lile, ng'ombe wangekunywa nini, na wao wenyewe je? Hapo ndipo Virginia alipokumbuka vile vichwa. Mashahidi wa mwaka mzima, amewalisha mbwa. Alijikasirikia sana, kisha akaacha, maana hasira haivui samaki.

Jumatano, mchana kweupe, alienda na Lazarus, fundi wa kuchomelea vyuma. Lazarus alikata ua, wakavua samaki arobaini na mmoja, kisha akaurudishia vizuri kuliko ulivyokuwa, kwa sababu hakupenda kazi mbovu hata kama ni ya adui. Wakawatia samaki kwenye mapipa ya maji, wakawapeleka senta ya Soy, penye maduka, watu wakapanga foleni.

Hakukuwa na ubishi. Mtu hulitambua jicho lake kama anavyotambua ndala zake mlangoni. Mama Jepkemboi alimpata mwenye duara la buluu, mkubwa kuliko yule aliyeuzwa. Lazarus alimpata mwenye alama nyekundu katika jicho la kushoto, pale cheche ilipomrukia akiwa mwanafunzi wa ufundi. Aliyeinama kuteka maji pale miaka nenda miaka rudi alikuwa ameacha macho yake humo, na samaki walikuwa wameyatunza.

Alhamisi Virginia aliweka makarai matatu ya samaki juu ya meza ya kamati, juu ya hati yenyewe. Watu wa Soy walijaa nyuma yake hadi kwenye ngazi. Hakuwa na wasiwasi. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Mheshimiwa," alimwambia mwenyekiti, Bwana Kiprono, "hati inasema hakuna mtu aliteka maji pale. Hawa ndio hao watu hawakuteka. Na hawa samaki ndio macho yao."

Bwana Kiprono alikuwa mtu wa utaratibu. Alitazama samaki, akatazama mtu, akatia alama. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipouliza kama yuko samaki mwenye macho ya mwenye hati, wakatafuta makarai yote na hakupatikana. Akaamuru hilo nalo liandikwe.

Akabaki samaki mmoja asiye na mwenyewe, macho ya kahawia, na kidoa cheusi pembeni mwa jicho la kulia. Virginia alilisukuma karai mpaka mbele ya mwenyekiti.

Bwana Kiprono alivua miwani, akainama. Samaki akapanda juu. Wakatazamana.

"Nilikuwa nachunga ng'ombe za mjomba pale," alisema. "Mpaka darasa la saba."

Karani akauliza kama aandike. Akaambiwa aandike.

Kisha mwenyekiti akavaa miwani, akavuta muhuri. "Macho ni ya kweli, Mama. Hiyo siwezi kukataa. Lakini hayana namba ya ploti."

Akagonga hati ya tajiri. Iliwauma, na Virginia ilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa amehesabu kwamba ukweli ukionekana basi kazi imekwisha.

"Na hawa?" aliuliza, akionyesha makarai. "Mmefunga gate."

Bwana Kiprono alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kuacha samaki wafe mezani kwake. Akachukua karatasi yenye nembo, akaandika ruhusa kwa mkono wake mwenyewe, akaisaini: samaki arobaini na mmoja waruhusiwe kurudi bwawani siku hiyohiyo, watu waliowaleta wabaki nje ya ua.

Jioni mlinzi wa tajiri aliwapokea samaki langoni mmoja mmoja, akiwalinganisha na karatasi. Walipotimia arobaini na mmoja, akafunga.