Kiganja cha Papa Onésime

Wewe uligeuza macho. Usiniambie hukuwepo. Ulikuwa kwenye benchi kama sisi wote, na kila picha ilipozimika katikati ya filamu, uliinama ukamenya karanga mpaka mwanga ukarudi.

Ndivyo tulivyozoeshwa katika ukumbi wa parokia hapa Kalemie. Onésime, anayeendesha mashine ya sinema, alifundishwa na padri mmoja kufunika lenzi kwa kiganja kila palipo na jambo lisilofaa kuonwa. Wakati ule lilikuwa busu. Padri akarudi kwao, nchi ikaitwa Zaire, hata majina yetu ya ubatizo yakapigwa marufuku, ingawa mtaani tunaitana nayo bado, lakini kiganja kilibaki kazini, sasa kikifunika chochote cha kuwaudhi askari.

Mimi ndiye niliyetaka tutazame filamu zote nne za marehemu Casimir, mtoto wa hapa hapa, kwa mfuatano. Mtengeneza filamu humjui kwa filamu moja. Lazima uone anarudia nini, kamera yake haichoki kumtafuta nani. Tukaanza na ile ya njia za milimani Kirungu. Casimir anaanzia chini, kwenye nyayo za watu, kisha kamera inapanda polepole mpaka usoni. Ya wavuvi wa ndagala, vilevile: nyayo, magoti, uso. Na katika zote mbili, karibu na mwisho, nyayo nyingine zinatokea, halafu kiganja. Ya stesheni ya Niemba, hivyo hivyo.

Nikasema, "Jamani, anachorudia Casimir njo hicho tunachofunikiwa."

"Basi alitengeneza filme moja tu," akasema Omer, muuza samaki, "na mwenye kuiona njo Papa Onésime peke yake."

Mkacheka. Mama Virginie hakucheka. Mwanawe Léon alichukuliwa na askari kwenda kubeba mawe bandarini, hakurudi, wala hakuacha picha hata moja. Kabla hajafa, Casimir alimwambia, "Mama, nimemutia Léon katika filme zangu zote." Kwa hiyo alikaa benchi la mbele kila jioni, akingoja uso.

Siku ya filamu ya nne, ile ya bandari, alimwendea Onésime kabla mashine haijawashwa.

"Papa Onésime, leo usifunike."

"Mama, mule kuna askari na watu wanaofanyishwa kazi. Wakiuliza nani alionyesha, watafunga nani? Weye?"

"Mutoto ni wangu."

"Na mukono ni wangu."

Wewe ulisikia. Ulisema nini?

Nyayo zikatokea, nyeupe kwa vumbi la mawe. Kiganja kikashuka. Mama Virginie akainuka, akaenda mpaka kwenye mashine, akaushika mkono wa Onésime, akauvuta. Haukutoka wote. Upande wa juu wa pazia la sinema palibaki giza la vidole; chini tukaona safu ya miguu ikipita, na mguu mmoja ukikanyagia upande wa nje.

"Njo yeye, Léon," akasema. "Alimwagikiwa mafuta ya mawese ya moto mguuni, angali mudogo. Acha ipande, Papa. Acha ipande."

Kamera ilikuwa imeanza kupanda. Sote tulijua inakokwenda. Tulikuwa tumemsoma Casimir filamu baada ya filamu. Magoti. Kiuno. Onésime akazima mashine.

Nilipiga kelele peke yangu. Nyinyi mlikuwa mkitafuta kandambili zenu chini ya mabenchi.

Sasa sikiliza. Asubuhi hii kamati ya ukumbi imetangaza kwamba masanduku ya filamu yanapanda treni leo mchana. Yanakwenda wapi, hawasemi. Mama Virginie amekaa kwenye ngazi za ukumbi tangu kulipopambazuka. Onésime yuko ndani na ufunguo anao. Anaogopa askari, sawa. Basi akute mtaa mzima mlangoni, atuogope na sisi. Mama mmoja anaweza kumfukuza. Mtaa mzima ataufukuzia wapi?

Weka karanga chini. Vaa kandambili zako, twende tukaushike ule mkono mpaka uso uonekane, sasa hivi, kabla treni haijapiga honi.