Hesabu ya Vumbi

Shangazi yangu aliisoma theluji miaka thelathini na moja bila kuikanyaga hata siku moja. Ana pumu tangu utotoni. Ngazi za ghorofa ya pili tu zinatosha kumkalisha chini atafute pumzi. Kwa hiyo mlima aliutazama kutoka juu kabisa, kwa setilaiti. Picha ikifika aliigawa vipande vipande kwenye kompyuta, akahesabu vilivyo vyeupe, akatoa mawingu, akatoa kivuli, na mwishowe akakwambia theluji ile ikiyeyuka itatoa maji kiasi gani. Watu wa bwawa waliisubiri hesabu yake kila mwaka kabla ya kiangazi. Akisema maji yanakuja, walifungua milango mashamba yanywe. Akisema hayaji, walifunga, wakayatunza kwa ajili ya mabomba ya mji.

Lakini setilaiti inaona weupe, haioni kina. Haijui kama theluji ni ya kiganja au ya kimo cha mtu. Kwa hilo alikuwapo baba yangu, kaka yake. Kila mwezi Baba alipanda hadi kwenye ufito wa chuma uliosimikwa kule juu, akasoma theluji imefika alama ipi, akaandika daftarini, akashuka na kumtajia dada yake kwa simu. Ofisini walitania kwamba Shangazi ana macho mawili: moja liko angani, jingine limevaa buti.

Mimi aliniingiza hapo mwaka huu, ninakili madaftari ya Baba kwenye kompyuta. Shangazi alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka miaka yote ikae mahali pamoja. Mchana nilikuwa kazini, jioni darasani na watu wazima wenzangu, na katikati ya yote hayo binti yangu wa miezi tisa, ambaye Shangazi aliruhusu alale kwenye boksi la karatasi kando ya meza yangu. Wageni wakishangaa aliwaambia huyo ni mtafiti msaidizi, kazi yake ni kulala juu ya ripoti kama wakubwa wengine.

Miaka minne nyuma, yale macho mawili yalikuwa yameanza kugombana. Setilaiti ilisema weupe unakwisha. Ufito ulisema theluji bado ipo, sentimita themanini, tisini. Shangazi aliukalia ugomvi ule miezi kadhaa mpaka akapata jibu: vumbi. Upepo unalitoa mabondeni, unaifunika theluji, na setilaiti inaona udongo kumbe chini kuna maji. Akatunga hesabu ya kuirudisha theluji iliyofichwa. Hesabu ya Vumbi ndiyo iliyompa jina; alikuwa akipokea barua kutoka kwa watu wa milima ambayo mimi hata kuitamka siwezi. Kijana wa ofisini aliyepokea picha za setilaiti, tuliyemwita Miwani, ndiye pekee aliyewahi kumuuliza kwa adabu kama ufito hauwezi kukosea.

"Ufito unaweza," Shangazi alimjibu. "Anayeusoma hawezi."

Wiki ile hesabu ya mwaka ilitakiwa Ijumaa. Kwa Hesabu ya Vumbi, maji yalikuwa tele na milango ya bwawa ingefunguliwa. Bila vumbi, hapakuwa na kitu. Shangazi alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu.

Jumatano mchana nikafika kwenye madaftari ya miaka minne ya mwisho. Ya zamani nilikuwa nimeyazoea. Yote yaliandikwa kwa penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye baridi ya kule. Kurasa zimevimba kwa unyevu, herufi zimepinda kwa sababu ya glavu, na hapa na pale tone ambalo sikutaka kujua limetoka puani mwa nani. Haya mapya yalikuwa ya wino wa bluu. Mistari imenyooka, kurasa laini, safi kama daftari la mwanafunzi anayengoja mkaguzi. Nilifungua moja, nikafungua la pili. Maandishi haya yalikuwa yameandikwa mezani, nyumbani.

Nilimbeba mtoto, nikashuka hadi chini ya ngazi, nikampigia Baba. Hakubisha. Alisema kupanda anapanda, hajakosa mwezi hata mmoja, nisije nikamdhania mvivu. Ila miaka minne iliyopita alifika akakuta ufito umelala juu ya mawe. Theluji hakuna. Alikaa pale, akafungua daftari, mkono ukakataa. Alipofika nyumbani akaandika themanini na mbili. Mwezi uliofuata ilibidi aandike kitu kinachofanana nayo. Uongo ukishauzaa, lazima uunyonyeshe.

"Ningemwandikiaje sifuri, mwanangu?" aliniuliza. "Maisha yake yote kayaweka kule juu. Nilijua atalia. Amebakiza miezi mitatu tu. Mwache atoke na heshima yake."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini wahenga hawakuwa na baba kama wangu kwenye simu. Nilirudi mezani nikakaa. Mtaani kwetu maji yalikuwa yakitoka Jumanne na Jumamosi tu; kila mwaka bwawa lilishuka, na watu wakalaumu mabomba yanayovuja. Wakiyafungulia yale ya bwawani kwa imani ya theluji ambayo haipo, ukifika mwezi wa joto bomba litatoa upepo. Nilimtazama mwanangu amelala, midomo inanyonya hewa. Nikamtazama Shangazi kupitia kioo cha mlango wake, ameinama mbele ya kompyuta, shali imemdondoka bega moja. Nilitamani sana niwe mjinga, nisijue kusoma hata daftari.

Mtoto alipoamka nikajua siwezi kungoja zaidi. Nilichukua daftari moja la zamani na moja jipya, nikayafungua mezani kwake, yakiwa ubavu kwa ubavu. Shangazi ni mtu wa kutazama. Aligusa ukurasa uliovimba. Akagusa ule laini. Akakaa hivyo, kidole juu ya wino.

"Umempigia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Anapanda bado?"

"Anapanda."

"Anakuta nini?"

"Mawe."

Alitoa dawa yake ya pumu akavuta mara mbili. Kisha akageukia kompyuta akaanza kufuta vumbi, mwaka baada ya mwaka. Mstari wa theluji ukashuka kama mtu aliyekosea kukanyaga ngazi, ukafika chini, ukalala.

"Setilaiti haikukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyeifundisha kukosea."

Ijumaa alisimama mbele ya watu wa bwawa akawaambia makadirio ya miaka minne yalikuwa na kosa, hesabu ya vumbi ni yake na haifai, na milango isifunguliwe. Mkuu wa bwawa alitaka kujua ni nani aliyekuwa anasoma ufito. Shangazi akamjibu kwamba kazi ile aliisimamia yeye, kama wana la kuuliza wamuulize yeye. Miwani, ambaye angeweza kabisa kuwakumbusha kwamba yeye aliuliza, alitoka nje na hakurudi mpaka kikao kilipokwisha. Jioni ile Shangazi alianza kuwaandikia watu wa milima ya mbali, mmoja mmoja, kuwaomba waache kuitumia hesabu yake.

Mgao ukawa mkali, siku moja kwa wiki. Kwenye foleni ya maji nilisikia kina mama wakisema yule bibi wa theluji katuimbia maji miaka nenda rudi, leo ndio anatuambia lilikuwa vumbi, si anyweshwe hilo vumbi lake na kijiko. Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, kwa woga, halafu nikaona aibu nikasema huyo ni shangazi yangu. Aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniangalia, akamwangalia mtoto mgongoni.

"Pole," alisema. "Haya, sogeza dumu lako."

Dumu lilijaa siku ile. Lingekuwa tupu kama milango ya bwawa ingefunguliwa, lakini hilo halimfuti mtu machozi.

Ndugu wale wawili hawakuongea. Baba alinipigia kila siku kuniuliza kama dada yake amekula. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Siku ya kustaafu hapakuwa na hotuba. Shangazi aliondoka na boksi moja na mmea wake wa dirishani, na kesho yake akaniomba nimsindikize kwa Baba, chini ya mlima.

Kutoka barabarani hadi mlangoni alisimama mara tatu kutafuta hewa. Baba alikuwa kizingitini, amekonda, hajui atoke au arudi ndani. Alipoanza kusema mdogo wangu, Shangazi aliinua mkono. Pumzi ilikuwa bado haijamrudia. Akaketi. Akangoja mpaka kifua kikatulia.

"Ungeandika sifuri, kaka," alisema. "Ningelia siku moja, basi."

Baba alikaa sakafuni karibu na miguu yake, mtu mzima na buti zake, akalia kimya kimya. Shangazi alimwacha alie. Halafu akamgusa bega.

"Nieleze siku ile ulipofika. Usinipunguzie."

Baba akamweleza. Mawe yalikuwa meusi, yamelowa. Chini yake maji yalisikika yakienda, huyaoni. Harufu ilikuwa ya udongo, na kule juu hajawahi kunusa udongo. Zamani ukiita, theluji inaimeza sauti. Siku ile aliita jina lake, la dada yake, na sauti ikarudi.

Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Ilirudi mara ngapi?"

"Mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, macho bado yamefumbwa.

"Endelea," akamwambia.