Mifukoni mwa Inspekta Kidevu

Tangu jarida letu la katuni lianze, Inspekta Kidevu hukamata majambazi mikono ikiwa mfukoni. Huwapiga teke la buti, huwatega, huwaangukia. Wasomaji wamejitungia sababu: ana pete ya jini, ana kidole cha dhahabu. Mimi mhariri nikaona hiyo ni biashara. Kwenye toleo lililopita nikatangaza jaladani: INSPEKTA ANAOA! MIKONO INATOKA MFUKONI!

Asubuhi ya kupeleka kurasa kiwandani zikachapwe, mchoraji wetu Badru akafika kwangu Kimara. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Pete wanavishana wapi?" nikamuuliza.

"Shikamoo, da Tekla."

"Marahaba. Pete."

Akajikuna kisogo. "Mie mikono siwezagi kuchora. Ndo maana ikakaa mfukoni."

"Siri yenyewe ndiyo hiyo?"

"Ndo hiyo."

Simu ikaita. Farida, muuza magazeti wa Mabibo, anayeuza jarida letu kuliko wote. "Shoga, wanafunzi wa hosteli wananisumbua. Mkiwadanganya safari hii, jarida lenu sitaliweka tena mezani."

Bila meza ya Farida, tunafunga.

"Nimvalishe glavu za ndondi?" Badru akauliza.

"Kwenye harusi?"

"Basi ukungu. Ukungu mzito."

"Harusi iko Temeke, Badru. Ukungu utoke wapi? Chora mikono. Hivyo hivyo unavyoweza."

Akachora. Mungu wangu! Vidole vilikuwa kama mihogo ya Chanika, kimoja kimechomoza katikati ya kiganja. Nilivihesabu mara mbili, nikapata majibu mawili.

Badru akaukamata ukurasa auchane. Nikamnyang'anya, nikashika kalamu, nikamwandikia bibi harusi maneno yake: "Kumbe ndiyo maana uliificha! Ilete hivyo hivyo, mume wangu."

"Da Tekla, watanicheka!"

"Wacheke. Ni katuni."

Toleo lilipotoka, Farida alipiga simu kabla ya adhuhuri. Nikaweka spika, Badru naye asikie.

"Yameisha! Watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Niletee mengine. Ila wanauliza, shoga: mbona gauni la bibi harusi linafagia sakafu kila picha? Anaficha nini?"

Nikamgeukia Badru. "Vidole vya miguu?"

Akatazama dari.

"Shikamoo, da Tekla."