Ndoo Mbili za Mama Benita

Bafu la Mama Benita lilikuwa na wiki tatu tangu liwekwe vigae vipya, ujumbe wake wa sauti ulipoingia kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Johannesburg.

"Jihadharini na Placide, yule fundi Mrundi. Nilimnunulia ndoo mbili za dawa ya kuzuia maji, ya kupaka chini ya vigae. Katumia moja, ya pili kaondoka nayo. Sasa ukuta wa chumba cha mwanangu unatoa maji."

Placide aliusikiliza mara mbili akiwa kazini Midrand. Kabla ya jioni Naseeb, mwenye duka Mayfair aliyemwahidi kazi ya kuweka vigae jikoni kwake, alimwandikia kwamba asije kwanza.

Jumamosi asubuhi alipanda teksi mpaka Bertrams. Mama Benita, Mkongomani mwenye saluni mjini, alimfungulia geti bila salamu.

"Mama, si ungenipigia kabla ya kunitangaza?"

"Nilikupigia mara nne. Hukushika."

Ni kweli. Alikuwa juu ya paa la watu, akajisemea atapiga baadaye, akasahau.

Chumbani kwa Benita, rangi ya ukuta unaopakana na bafu ilikuwa imevimba, na chini yake kulikuwa na doa pana kama sinia. Placide aliligusa. Lilikuwa bichi.

"Dawa nilitumia ndoo zote mbili," alisema. "Tutafute maji yanatoka wapi."

Aliziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa, akajaza sakafu ya bafu maji, akachora mstari wa penseli yalipoishia. Kisha wakakaa jikoni, kila mtu na simu yake. Mama Benita alipiga saluni akamwambia msaidizi wake, Héritière, aanze kusuka bila yeye. Baada ya saa mbili maji yalikuwa bado kwenye mstari.

"Sakafu ni nzima," alisema Placide, moyo ukimtulia.

"Na ukuta?"

Alichukua bomba la mvua akaelekeza maji chini ya koki. Mama Benita alisimama chumbani, kiganja ukutani. Hazikupita dakika kumi.

"Yanakuja!" aliita.

Placide alibandua vigae vitatu kuzunguka koki. Simu ya Mama Benita ililia, akaenda kuongea uani. Hapo fundi akaona: kandokando ya bomba la koki kulikuwa na uwazi wa kupitisha kidole gumba, na dawa ilikuwa imeishia kabla ya kuufikia. Aliikumbuka siku ile. Alikuwa akikimbilia kazi nyingine.

Silikoni ilikuwemo begini. Angeweza kuziba sasa hivi na kusema bomba limezeeka. Nyumba za Bertrams ni kuukuu, nani angebisha? Alichuchumaa pale kwa muda, patasi mkononi.

"Mama Benita, njoo uone."

Alikuja.

"Hapa niliacha mwenyewe. Niliharakisha. Kosa ni langu, nitarudia yote na ukuta wa chumbani nitaupaka rangi, bila malipo." Kisha akakwangua ukuta kwa patasi. "Lakini tazama na hapa. Chini kijivu, juu kijani."

Dukani ilikuwa imebaki ndoo moja tu ya dawa ya kijivu, ndiyo maana Mama Benita aliongeza moja ya kijani. Alipitisha ukucha pale palipokwanguliwa.

"Eish," alisema.

"Useme kundini, mama. Useme yote: niliacha uwazi, na sikuiba."

"Kwa maji sitaomba samahani."

"Kwa maji usiombe."

Alirekodi palepale bafuni. Mara mbili alifuta, ya tatu akaituma.

Placide alimaliza vigae Jumapili baada ya ibada, na ukuta ulipokauka vizuri, wiki mbili baadaye, akarudi na rangi. Mama Benita alimkuta juu ya ngazi.

"Nimempigia Naseeb," alisema. "Nimemwambia mimi ndiye niliyekosea juu ya ile ndoo. Anasema jikoni kwake ameshaingia fundi mwingine."

"Nilijua."

"Ile kazi nimekupotezea mimi." Alisimama kidogo mlangoni. "Kwa hilo nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha, mama," alisema Placide, akachovya brashi. Ilibaki kupaka mara moja tu.