Pembe ya Juu ya Ubao

Akikutokea mtu akasema mstari ulionyooka ni kazi ya mtoto, mpe chaki, umwambie avute mmoja kutoka ukingo wa ubao hadi ukingo wa pili bila kusita. Daphrose alikuwa amekwisha kuvuta mia tatu na zaidi, na Shafiq bado anatikisa kichwa.

"Unachora kwa kifundo cha mkono, dada. Kifundo ni cha kuandikia. Sisi tunachora kwa bega."

Shafiq alikuwa mchora vibao wa Rwezamenyo. Saluni, bucha, fundi redio, karibu kila mlango wa mtaa ule ulikuwa umepita mkononi mwake. Daphrose alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Niboye, miaka kumi na tisa mbele ya ubao, na kitambulisho chake kilikuwa na neno moja, la kabila lake, ambalo mwaka huo wa 1994 lilitosha kumwua. Shafiq alikichoma jikoni siku ile ile aliyompokea. Akampa mtandio na jina la Swafiya, akatangaza mtaani kwamba huyu ni binti wa shangazi yake wa Kigoma, mchora vibao mwenzake. Uongo mzuri, ila ulikuwa na tundu moja kubwa: Daphrose hakujua kuchora hata kikombe.

Basi akajifunza. Karakana ilikuwa chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa bati, mlango mmoja unaotazama barabara. Hatua themanini kutoka mlangoni palikuwa na bariyeri, gogo lililolazwa njiani na vijana wenye mapanga wanaowasimamisha wapita njia. Daphrose hakutoka hata kuanika nguo. Asubuhi alivuta mistari. Mchana alichora duara lililolala, yaani mdomo wa chupa unavyoonekana ukiutazama kwa upande. Lake lilitoka limechongoka pande zote mbili, na Shafiq, ambaye hata siku zile hakuacha utani, akamwuliza ni nani atakayekunywa kwenye samaki.

"Zungusha mkono hewani kwanza," akamwambia. "Mara mbili, mara tatu. Mkono ukishaijua njia, ndipo chaki iguse."

Jioni ilikuwa zamu ya masanduku, na masanduku aliyachukia kwa moyo wote. Kuta zilizomzunguka zilimtosha, na sasa alitakiwa achore nyingine.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Nsabimana akaingia. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa bariyeri, kijana mnene wa sauti ya chini. Wenzake wawili walibaki mlangoni. Alikuwa amejitwalia baa ambayo mwenyewe hakuwepo tena wa kuidai, na alitaka kibao: chupa mbili na kreti ya bia juu ya rafu.

"Na huyu iko nani?"

"Swafiya, binti wa shangazi. Tunafanya kazi pamoja," Shafiq akajibu.

"Basi yeye ndiye achore. Wewe Shafiq, kaa chini."

Daphrose akasimama mbele ya ubao. Kichwa kikawa kitupu, na kwa muda hakujua hata chaki iko mkono gani. Kisha mkono ukaanza. Rafu ikatoka kwa bega, mstari mmoja safi. Akazungusha hewani mara tatu, chaki ikagusa, na mdomo wa chupa ukatokea laini, hauna ncha. Chupa ya pili ikafuata. Kitako akakipinda kidogo, kama alivyofundishwa. Mwisho kreti, pembe zake zote mahali pake, ungedhani unaweza kuibeba. Vijana wa mlangoni wakapiga mluzi, na Daphrose akafurahi. Aibu ingekuja baadaye, lakini kwanza alifurahi.

Akageuka. Nsabimana hakuwa akiitazama kreti. Alikuwa akitazama pembe ya juu ya ubao, upande wa kulia.

Palikuwa na maandishi madogo ya mlazo, mwandiko mzuri wa darasani, yamepigiwa mstari: *Ku wa kabiri, 17 Gicurasi 1994.* Jumanne, tarehe kumi na saba Mei. Daphrose hakukumbuka kuyaandika. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuanza ubao bila tarehe, na mkono, ulipoachwa peke yake na hofu, ulianzia pale ulipozoea.

Shafiq aliona pia. Akafumba macho.

Nsabimana akasogea hadi Daphrose akasikia harufu ya bia. "Mpaka leo unaipigia mstari," akanong'ona. Hapo Daphrose akamtambua: darasa la nne, benchi la nyuma, mtoto aliyerudishwa mara kwa mara kuandika tarehe upya. "Mwarimu," kijana akaongeza.

Akaifuta kwa kiganja, polepole, mpaka pakabaki ukungu mweupe. Kisha akawageukia wenzake. "Anajua. Iko fundi kweli."

Akarudisha sauti chini. "Kibao nataka Ijumaa. Na wewe usitoke hapa. Siku nikikutaka, najua uko wapi."

Walipoondoka, Shafiq alichukua msumeno, akaukata ubao pembe ile ya juu, kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitia motoni. Alijua kwamba haisaidii kitu. Daphrose naye alijua, lakini akamshukuru.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya ubao kuvuta mstari wa kwanza. Mkono ukapanda wenyewe upande wa kulia, mpaka kwenye pengo, na pale ambapo hapakuwa na ubao ukaanza kuandika hewani tarehe ya Jumatano hiyo: *Ku wa gatatu, 18*. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaukandamiza kifuani, na haukukubali kutulia.