Wenye Kuku Wote wa Kamina

Kisimba alikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake hakuwa na bosi wala mshahara, ila meza moja karibu na stesheni ya Kamina na mashine ya kuchapa iliyokohoa kuliko mwenyewe. Wake za askari wa Base, ile kambi ya jeshi, walimjia awaandikie waume zao walioko mbali. Wakulima walimjia wamlalamikie chifu. Barua ikiisha, mteja alibonyeza dole gumba pale chini na kwenda nayo posta. Nusu ya mji ilikuwa imelizwa na maneno ya Kisimba, na waliosifiwa ni wenye madole. Jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

Basi redio ya Lubumbashi ilipotangaza shindano la hadithi, mshindi atajwe jina hewani na apewe mashine mpya, Kisimba akapagawa. Mkewe, Mama Numbi, hakupagawa hata kidogo.

"Concours ya redio haiko kazi," alisema. "Bantu banakungoya ku meza, na weye unaandikia upepo."

"Mashine hata basinipe! Minyi ninataka jina. Mara moja tu, Numbi: Kisimba wa Kamina!"

Akawafukuza wateja wiki nzima, akaandika hadithi ya kuku aliyekataa kupanda treni ya Luena. Kuku yule alifungwa miguu, akatiwa kikapuni, akabembelezwa na mkuu wa stesheni kwa jina la taifa, na bado akakataa. Ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake. Akaituma, akakaa na redio kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Siku ya matokeo ikafika. "Ya kwanza ni hadithi ya kuku," alisema mtangazaji. "Muhuri wa posta ni wa Kamina. Jina la mwandishi halimo."

Mama Numbi akamgeukia mumewe. Kisimba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Miaka yote ile alizoea kuacha pale chini wazi kwa ajili ya dole la mwenye barua, na siku mwenye barua alipokuwa yeye, aliacha wazi vilevile. Mtangazaji akamalizia: mwenye hadithi na aandike barua ya kuthibitisha kwamba ni yake.

Lahaula! Asubuhi yake kila aliyewahi kufuga kuku Kamina alikuwa mwandishi. Na barua nzuri inaandikwa wapi? Kwa Kisimba. Walijipanga kuanzia mezani hadi relini.

"Lakini ile hadisi iko yangu!" alifoka.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. "Yako? Weye unaandikaka ya bantu tu, Papa!"

Nyumbani unga ulikuwa umekwisha, kwa hiyo akaandika. Mama Numbi alimnong'oneza aandike ovyo. Alijaribu, maskini, lakini kila sentensi mbovu ilimwasha vidole mpaka airekebishe.

Wa mwisho alikuwa Mama Bolingo wa Base, mke wa sajini, mzaliwa wa Mbandaka.

"Andika hivi," alisema. "Ile kuku haiko kuku. Ile kuku njo minyi. Bwana yangu walimutuma mbali, bandugu yake bakaniambia panda treni, rudia kwenu. Nikakatala. Minamungoya hapa."

Kisimba aliandika huku akijipangusa macho, akasahau kabisa kwamba mama huyu anamwibia. Kisha akachapa barua yake mwenyewe, amechoka, kavu kama ombi la kibali. Zote zilitoka kwenye mashine moja, kwa hiyo hata mashine haikuweza kumtetea.

Redio ikamtangaza mshindi, citoyenne, yaani mwananchi, Bolingo wa Kamina, mara mbili, na muziki juu yake.

Wiki iliyofuata Mama Bolingo alifika na mashine mpya kichwani. Kisimba alikuwa ameshaandaa maneno makali, na akaanza nayo mara moja.

"Mama, unajua ile hadisi iko yangu!"

"Ninajua. Kamina hapa nani mwingine anajua kuandika?" Akaitua mashine mezani. "Chukua, Papa. Minyi sijue hata kusoma. Lakini jina, hapana. Tangu nilifika Base, banasemaka tu bibi ya sergent. Ile siku redio ilisema Bolingo. Batoto yangu balisikia. Pale fasi bwana iko, labda na yeye alisikia."

Kila alichotaka Kisimba kumwambia kuhusu jina, mama huyu alikuwa ameshakisema, na kwa ubora zaidi. Roho ilimuuma kwelikweli. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akamkaribisha mwandishi wa Kamina aketi.